Malezi ya Watoto: Mtoto Asikae na Winda Bichi



Katika barua zilizotufikia imo moja ya bibi mmoja aliyejaaliwa mtoto wake wa kwanza, naye ametuuliza masuala mawili. La kwanza, asema kwamba mtoto wake wa kiume, ambaye sasa ana umri wa miezi saba, hapoi vipele vya mapajani na makalioni. Akipona juma hili huchubuka tena juma lijalo, akalia usiku kucha, hata majirani wamekwisha kumwambia kuwa mtoto amepigwa jicho. La pili, ataka kujua kama ni kweli aliyoambiwa, ya kwamba mwenye udhu akimbadilisha mtoto winda lake udhu wake huvunjika. Kwa kuwa yeye hutawadha alasiri na hupenda kubaki na udhu huo mpaka isha, humwachilia mtoto vivyo hivyo mpaka amalize kuswali.

Bibi huyu ameyaandika masuala haya kama kwamba ni mambo mawili mbalimbali, moja la tabibu na moja la mwalimu. Na mwisho wa barua yake ametuomba radhi kwa kutusumbua na lile la kwanza, kwa kuwa si la dini. Hana la kuombea radhi. Mwili wa mtoto ni amana mikononi mwa wazazi wake, naye hana ulimi wa kusema pale panapomwuma. Tena sisi twaona kuwa masuala yake yote mawili ni suala moja, nalo ni la winda lililocheleweshwa. Kwa ajili hiyo tumeona vema kumjibu hapa gazetini, wapate kusoma na wengine. Maana tunajua kuwa nyumba yenye jambo hili si yake peke yake.

Kwanza na tuyafahamu maradhi yenyewe. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba na laini, na mtoto aliyezaliwa karibuni huweza kukojoa hata mara 20 kwa usiku na mchana. Ngozi ikikaa katika maji muda mrefu hulainika na kukunjamana, kama vinavyokunjamana vidole vya mtu aliyekaa kwenye beseni la kufulia tangu asubuhi. Na ngozi iliyolainika namna hiyo huchubuka kwa kusuguliwa kidogo tu na kitambaa. Hapo maradhi yamefunguliwa mlango. Kisha huja choo. Ndani ya choo mna vijidudu ambavyo vikikutana na mkojo huugeuza ukawa na ile hewa kali iitwayo amonia, ambayo kila mama aijua, kwani ndiyo inayompiga puani afunguapo winda la usiku wakati wa alfajiri. Ngozi yenye siha ina uchachu kidogo, na uchachu huo ni ngao yake, amonia huuondoa. Tena ndani ya choo hicho hubaki maji ya tumboni ya kusagia chakula, nayo uchachu wa ngozi ukiondoka hupata nguvu, yakaanza kuisaga ngozi ya mtoto kama kwamba ni chakula. Mkojo peke yake ukiondolewa upesi hauna neno, na choo vile vile; vinapokutana vikafungiwa pamoja kwa muda wa saa nyingi ndipo mtoto anapoungua.

Ukilifahamu hili, hutashangaa kwa nini mtoto akiharisha huchubuka kwa siku moja tu, wala kwa nini vipele huzidi khasa mtoto anapokuwa baina ya miezi 9 na 12, wakati anapokula vyakula vya namna nyingi, anapokaa kitako muda mrefu, na anapolala usiku mzima bila ya kuamka. Na ama hilo la jicho, sisi hatulikanushi, maana Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa jicho ni kweli na akatufundisha kujikinga kwa dua. Basi mama na amsomee mwanawe Kul-audhu mbili kila jioni, ni jambo jema. Lakini na atazame pia vipele vimekaa wapi. Atakuta wekundu uko pale winda linapogusa, katika makalio, mapaja na chini ya kitovu, na ndani ya mikunjo ya kinena, ambamo kitambaa hakifiki, ngozi aghlabu ni nzima. Jicho la hasidi halikati mpaka wake kwa kufuata pindo la winda.

Sasa tuje kwenye udhu. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani hii twayafuata, kugusa tupu ya mwanadamu kwa tumbo la kiganja au kwa matumbo ya vidole, bila ya kizuizi, huvunja udhu, hata kama tupu hiyo ni ya mtoto wa siku moja. Kwa hivyo aliyemwambia bibi huyu maneno hayo hakusema uwongo. Lakini alimpa nusu ya elimu akaizuia nusu, na nusu hiyo iliyozuiwa ndiyo iliyomchubua mtoto. Mkono ukiwa na kizuizi, kama kitambaa au mfuko uliovishwa kiganjani, udhu haubatiliki. Kugusa paja la mtoto, au nyama ya kalio, au mgongo wake, hakuvunji udhu. Kugusa najisi, iwe ya mkojo au ya choo, hakuvunji udhu pia. Mwenye kuigusa huosha mahali ilipomwingia, basi, akaswali. Na katika madhehebu ya Imam Abu Hanifa, ambayo yanafuatwa na wengi wa ndugu zetu wenye asili ya Bara Hindi, kugusa tupu hakuvunji udhu kabisa.

Na lau mama amesahau kizuizi na udhu umevunjika, kuna nini? Si atawadhe tena! Kutawadha ni kazi ya dakika tatu. Tangu alasiri mpaka isha ni karibu saa nne, na mtoto anayekaa na choo saa nne hana namna ya kusalimika. Sheria haikumwambia mama auhifadhi udhu wake kwa ngozi ya mtoto wake. Liko na zaidi ya hili. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) aliswali huku amembeba mjukuu wake Umama, binti wa Bibi Zaynab, akisujudu humweka chini, na akisimama humwinua. Mama wengi hufuata mwendo huu bila ya kujua, kwa sababu mtoto akilia katikati ya sala humchukua. Lakini wanavyuoni wetu wamesema kuwa anayeswali huku amebeba najisi sala yake haisihi, na winda lililojaa ni najisi iliyobebwa. Basi mama aliyechelewesha winda kwa ajili ya kuilinda sala yake, mtoto akalia naye akambeba, ameiharibu sala ile ile aliyotaka kuilinda. Na ambadilishe kwanza, anawe, kisha ndipo atie nia.

Liko kosa jingine ambalo tumelisikia kwa masikio yetu, nalo limetoka katika elimu iliyofahamika vibaya. Wako watu wasemao kwamba mkojo wa mtoto wa kiume ni mwepesi, na kwamba winda lake likianikwa juani likakauka latosha kuvishwa tena bila ya kufuliwa. Asili ya maneno haya ni hadithi ya Ummu Qays binti Mihsan, ambaye alimpeleka mwanawe mdogo kwa Mtume (S.A.W.), mtoto akamkojolea nguoni, naye akaagiza maji akayanyunyiza wala hakuifua nguo. Hadithi ni sahihi. Lakini wanavyuoni wetu wameeleza kuwa hukumu hiyo ni ya mtoto wa kiume aliye chini ya miaka miwili ambaye hajala chakula cha kumlisha ila maziwa, nayo ni hukumu ya kutwaharisha. Mtoto wa bibi huyu ana miezi saba na bila shaka ameanza uji, kwa hivyo mkojo wake huoshwa kama wa mtu mzima. Hata angekuwa na mwezi mmoja, kunyunyiza kumeruhusiwa ili kuwaondolea watu uzito katika twahara zao, wala hakukusudiwa kuwa matibabu ya ngozi. Winda lililokaushwa bila ya kufuliwa hubaki na chumvi ya mkojo na vijidudu vyake ndani ya nyuzi. Likipata maji mapya, ile amonia huamka pale pale.

Sababu ya tatu ya kuchelewesha ni fedha, na hapa hatuna ukali, kwa kuwa twajua hali za watu. Zile nepi za kutupa, ambazo wengi huziita pampasi, zina unga ndani yake unaofyonza maji na kuyashika, na matabibu wamekiri kuwa huihifadhi ngozi kavu zaidi kuliko kitambaa. Sifa hiyo ni ya nepi inayobadilishwa. Mama aliyenunua nepi moja kwa bei ya chakula cha mchana huona hasara kuivua kabla haijavimba, basi huivisha asubuhi akaivua jioni, na mtoto akaonekana mtanashati kwa nje huku ndani anaungua. Sisi twasema wazi kwamba vipande sita vya kanga kuukuu, vilivyofuliwa vikakauka, ni bora kwa mtoto kuliko nepi moja ya fahari ya kutwa nzima. Mwenye uwezo mdogo na aweke nepi ya kutupa kwa usiku na kwa safari, na mchana nyumbani atumie kitambaa, au amwache mtoto bila ya kitu juu ya mkeka uliotandikwa nguo. Wala mtu asivishe juu ya kitambaa ile chupi ya plastiki ili mkojo usitoke nje. Mkojo usiotoka nje umebaki ndani, na joto letu hili la pwani hulifanya winda hilo kuwa kama chungu kilichofunikwa.

(Na kwa kuwa tumezitaja nepi za kutupa: choo kimwagwe chooni kwanza, kisha nepi ikunjwe na kutupwa penye taka. Kuzikuta zinaelea ufukweni, mahali watoto wa chuoni wanapokwenda kuoga siku ya Ijumaa, ni aibu yetu sote.)

Sasa kazi yenyewe ya kila siku. Mtoto abadilishwe mara tu anapokwenda haja kubwa, bila ya kungoja, na kwa mkojo mtoto mchanga atazamwe kila baada ya saa mbili hivi. Aoshwe kwa maji safi yenye uvuguvugu. Sabuni si lazima kila mara, na ikitumiwa iwe ya upole isiyo na manukato. Vile vitambaa vyenye unyevu viuzwavyo madukani, vikiwa na spiriti au harufu nzuri, humchoma mtoto aliyechubuka, na mama akitaka kujua uchungu wake na apake ndimu katika jeraha lake mwenyewe. Mtoto wa kike apanguswe kutoka mbele kwenda nyuma, choo kisije kikaingia katika njia ya mkojo. Na wa kiume ambaye hajatahiriwa asivutwe govi kwa nguvu. Kisha akaushwe kwa kubonyezwa polepole na kitambaa laini, si kwa kusuguliwa, na mikunjo isisahauliwe.

Baada ya hapo mtoto apate hewa. Hili ndilo lenye nguvu kuliko mengi yanayonunuliwa, nalo halina bei. Bibi zetu walikuwa wakimlaza mtoto kifudifudi uani kivulini, tupu, huku wakichambua mchele kando yake na jicho halimtoki, na watoto wao walipona bila ya duka la dawa. Nusu saa mara tatu au nne kwa siku yatosha kuigeuza ngozi iliyokuwa nyekundu. Mkeka utaloa, ni kweli, lakini mkeka huoshwa.

Kisha ndipo yaja mafuta. Kazi ya mafuta ni kuwa ukuta baina ya ngozi na unyevu, na ukuta haujengwi kwa kupakwa rangi tu. Marhamu ya zinki, ile nyeupe nzito, ndiyo iliyo bora kwa mtoto aliyekwisha chubuka, na mafuta ya mgando yasiyo na harufu yafaa sana kwa kumkinga aliye mzima. Yapakwe kwa wingi, kama mtu apakaye siagi katika mkate wa mgeni. Winda likibadilishwa, choo kilichoshika juu ya marhamu kipanguswe, na marhamu safi iliyobaki iachwe, ikaongezewe nyingine juu yake. Mwenye kuikwangua yote mpaka chini huichubua ngozi kwa mkono wake.

Lakini kuna vitu ambavyo tunawasihi wazazi wasivikaribishe hapo. Poda ni cha kwanza. Mtoto hupakwa poda ikapaa hewani naye akaivuta puani, ikaingia mapafuni mwake. Tena ikichanganyika na mkojo hufanya madonge yanayokwaruza. Mwaka 2024 wataalamu wa saratani walio chini ya Shirika la Afya Duniani waliiweka talki, ambayo ndiyo jiwe linalosagwa kufanya poda nyingi, katika fungu la vitu vinavyoelekea kuleta saratani. Na liko tukio ambalo wazazi wa Ufaransa hawajalisahau: mwaka 1972 watoto 36 walikufa huko kwa poda ya watoto iliyotiwa kiwandani, kwa makosa, dawa ya kuulia vijidudu iitwayo heksaklorofini kwa kiasi kikubwa mno. Dawa hiyo ilipita katika ngozi zao ikafika ubongoni. Tumelitaja hili ili ijulikane kuwa ngozi ya mtoto, khasa iliyochubuka, ni mlango. Kinachopakwa nje huingia ndani.

Hatari iliyo karibu nasi zaidi leo ni zile dawa za tyubu zinazouzwa bila ya cheti cha daktari, ambazo ndani ya tyubu moja zimechanganywa dawa ya fangasi, dawa ya vijidudu, na dawa kali ya jamii iitwayo steroidi. Mtoto akipakwa, wekundu hufifia kwa siku mbili, mama akafurahi, akaisifu kwa shoga zake. Kumbe steroidi kali, ikifunikwa na winda, huingia mwilini kwa nguvu zaidi kuliko ikipakwa mahali pa wazi. Ikiendelea kwa majuma, ngozi hukonda ikawa kama karatasi iliyoloa, na vipele hurudi na ukali mpya kila inapoachwa. Matabibu wamekwisha kuandika juu ya watoto waliovimba uso ukawa mviringo kwa sababu hii, na mtu asiyejua hudhani mtoto amenenepa, ilhali mwili wake umeacha kutengeneza kitu ulichokuwa ukikitengeneza wenyewe. Mtoto aliyepakwa kwa muda mrefu asikatiziwe dawa nyumbani ghafula. Apelekwe hospitali, na tyubu ichukuliwe ionyeshwe. Na mama ajipakaye mikorogo ya kujichubua na ajue kuwa mara nyingi ndani yake mna dawa hiyo hiyo, au zebaki, na mkono wake ndio unaomshika mwanawe. Dawa ya mdomoni ya neno hili hatuna, tumeliandika tu.

Tusemapo manukato, wako watakaotukasirikia, kwa kuwa mtoto wa pwani hawezi kutoka ndani siku ya arubaini bila ya kunukia. Na anukie. Udi na ufukizwe nguo za mama, na liwa apakwe mama. Mahali pa winda pasitiwe chochote chenye harufu.

Kufua nako kuna adabu yake. Choo kitolewe kwanza, mawinda yarowekwe katika ndoo yao peke yao, yafuliwe kwa sabuni, na kusuuzwa mpaka maji ya mwisho yatoke hayana povu, kwa kuwa sabuni iliyobaki katika nyuzi huchoma kama mkojo. Yakiwezekana kuchemshwa ni vema zaidi, khasa mtoto akiwa na fangasi. Yaanikwe juani, si kivulini wala chini ya nyasi, na yapigwe pasi pande zote mbili na hata mapindo. Pasi hii si ya urembo. Katika nchi zetu yuko nzi atagaye mayai yake katika nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, na mayai hayo yakianguliwa, mabuu huingia katika ngozi ya mtoto yakafanya majipu. Joto la pasi huyaua.

Na kuna jambo moja ambalo halileti vipele lakini hukaa katika kabati lile lile, nalo ni vidonge vyeupe vya naftalini ambavyo watu huweka katika nguo kufukuzia nondo na mende. Katika watu wa nchi zenye malaria, na sisi tumo, wako waliozaliwa na upungufu wa kitu katika damu kiitwacho G6PD, na wanaume ndio wanaodhurika zaidi. Mtoto wa namna hiyo akivishwa nguo iliyokaa na naftalini, damu yake huweza kuvunjika, akawa manjano macho na mwili, na umanjano ukizidi kwa mtoto mchanga hudhuru ubongo. Tena mafuta mwilini huisaidia naftalini kuingia. Desturi yetu ni kutunza nguo za mtoto wa kwanza sandukuni kwa ajili ya wa pili, na ni desturi njema ya kutofuja mali. Lakini naftalini isitiwe humo kabisa, na nguo zilizokwisha kukaa nayo asivishwe mtoto mchanga.

Kuhusu chakula hatuna haja ya maneno mengi. Mwenyezi Mungu ametaja katika Suratul Baqara kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, na matabibu wameona kuwa choo cha mtoto anyonyaye maziwa ya mama ni chepesi kwa ngozi kuliko cha mwenye kunywa ya kopo. Mtoto akianzishwa chakula kipya akachubuka siku ile ile, chakula hicho kisimamishwe kidogo kisha kijaribiwe tena.

Sasa, itakuwaje ikiwa yote haya yamefanywa na mtoto hakupona? Vipele vya unyevu, vikitunzwa hivi, huanza kutulia kwa siku mbili au tatu. Vikipita siku tatu vikazidi, na mama akaona wekundu mkali umeingia ndani ya ile mikunjo ambayo mwanzo ilikuwa mizima, na pembezoni mwake pametawanyika vidoti vyekundu kimoja kimoja, hiyo aghlabu ni fangasi. Mara nyingi huja baada ya mtoto kumeza dawa za kuulia vijidudu, na huenda akaonekana na utando mweupe mdomoni usiopanguka. Fangasi haiponi kwa zinki peke yake. Yataka dawa yake, kama klotrimazoli au nistatini, kwa kipimo atakachotoa mganga wa zahanati, na marhamu ya zinki ikapakwa juu. Mtoto akiwa na utando mdomoni, na mama anayenyonyesha ana maumivu ya chuchu, atibiwe naye, ama sivyo watarudishiana. Na mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo bila ya kungoja siku tatu akiwa na homa, au pakitoka usaha, malengelenge au damu, au wekundu ukisambaa upesi, au akikataa kunyonya, au akiwa hajatimiza mwezi mmoja naye ametoka vipele vyenye usaha.

Tuna neno na akina baba, nalo ni fupi. Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kuwa alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake, na ukifika wakati wa sala hutoka. Baba anayerudi msikitini baada ya magharibi akamkuta mtoto ameloa na mama yumo katika sala yake, anazo mikono miwili. Kubadilisha winda hakumpunguzii mtu heshima yake, na yule aliyekaa barazani akilalamika kwamba mtoto halali usiku ndiye khasa tunayemwambia. Na nyinyi mabinti zetu wa chuoni, ambao wengi wenu ndio mnaowabeba wadogo zenu mchana kutwa, yasomeni haya, mkawasomee na mama zenu.

Basi bibi yetu uliyetuandikia, jibu lako ni hili. Karibu na mswala wako weka kopo la maji, kitambaa cha kuvisha mkononi, na winda kavu. Kila ukisikia adhana, mtazame mtoto kabla hujajitazama wewe; akiwa ameloa, mbadilishe, unawe, na udhu ukivunjika utawadhe. Usiku mvishe winda kavu wakati unapotaka kulala, na akiamka kunyonya mtazame tena. Vidonda alivyo navyo sasa vipake zinki, umwache wazi mchana. Uzihesabu siku tatu. Hali ikiwa bado ni hiyo hiyo, mpeleke zahanati, na uchukue mfukoni kila tyubu na kila chupa uliyompaka tangu alipozaliwa, hata zile ulizopewa na jirani, umwonyeshe mganga kabla hajakuandikia nyingine.